Kifaa Huchaguliwa Kabla ya Jeraha: Afya ya Seremala na Mkata Miti

Mwaka 1700, daktari wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Katika orodha ya maswali ambayo madaktari walizoea kumwuliza mgonjwa tangu enzi ya Hippocrates, yeye aliongeza moja: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na swali hilo bado huulizwa kwa haraka. Katika kadi ya mgonjwa huandikwa «fundi», kisha mazungumzo yakahamia kwenye dawa. Makala haya yanapendekeza swali la pili lifuatane na hilo la kwanza: unaifanya kazi hiyo kwa kifaa gani? Seremala anayeranda mbao kwa mkono na seremala anayepiga msasa kwa mashine wana jina moja la kazi, lakini hewa wanayovuta ni tofauti. Mkata miti mwenye shoka na mwenye msumeno wa mnyororo wanaangusha mti ule ule, lakini masikio na vidole vyao vinaelekea kwenye hatima mbili.

Yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya watu wa aina mbili: mtumishi wa afya anayempokea fundi katika zahanati au hospitali, na fundi mwenyewe, ambaye leo ni mnunuzi wa vifaa na kesho huenda akawa mgonjwa. Hoja yake ni moja. Majeraha na magonjwa mengi ya useremala na ukataji miti huanza siku kifaa kinaponunuliwa, kinapoazimwa au kinapoondolewa kikinga chake. Kwa hiyo, kuchagua kifaa ni uamuzi wa afya, na mtumishi wa afya anayo haki na wajibu wa kuuzungumzia.

Funzo kutoka misitu ya Ufini

Msumeno wa mnyororo ulipoenea katika misitu ya nchi za kaskazini baada ya Vita Kuu ya Pili, wakata miti walianza kulalamikia vidole vinavyogeuka vyeupe kama karatasi, vyenye ganzi na maumivu, hasa asubuhi za baridi. Mtetemo wa mashine ulikuwa umeathiri mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu ya vidole. Katika eneo la Suomussalmi nchini Ufini, watafiti waliwachunguza wafanyakazi wa misitu mara kwa mara kuanzia mwaka 1972 hadi 1990. Mwanzoni, watu 40 katika kila 100 walikuwa na vidole vyeupe. Mwishoni, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 5 katika kila 100.

Kazi ilibaki ile ile ya kuangusha miti kwa msumeno wa mnyororo. Kilichobadilika zaidi ni msumeno wenyewe: uzito ulipunguzwa, na kati ya injini na vishikio ziliwekwa springi na mipira ya kumeza mtetemo. Mtetemo unaofika mkononi ulishuka kutoka takribani mita 14 kwa sekunde mraba hadi takribani 2. Hakuna dawa inayoweza kujivunia matokeo kama hayo kwa ugonjwa huu. Vidonge hupunguza maumivu, lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kuharibika kwa nadra hurudi ulivyokuwa.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo mara nyingi husahauliwa katika mafunzo ya usalama kazini. Fundi huambiwa awe mwangalifu, naye ni mwangalifu. Lakini uangalifu hauzuii mtetemo, hauchuji vumbi wala haupunguzi kelele. Mambo hayo huamuliwa na kifaa.

Mpangilio wa kuchagua

Wataalamu wa afya kazini hufuata mpangilio ambao kila fundi anaweza kuukumbuka. Kwanza, je, hatari inaweza kuondolewa kabisa? Pili, je, kifaa chenye hatari kinaweza kubadilishwa kwa chenye hatari ndogo? Tatu, je, mashine inaweza kuwekewa kikinga au kutengwa na watu? Nne, je, utaratibu wa kazi unaweza kurekebishwa, kwa mfano kwa zamu na mapumziko? Mwisho kabisa ndipo huja barakoa, miwani, viziba masikio na glavu.

Katika karakana zetu mpangilio huu mara nyingi hupinduliwa. Barakoa hununuliwa kwanza kwa kuwa ni rahisi, huku msumeno wa duara ukizunguka bila kikinga. Barakoa ina kazi yake, lakini humlinda mvaaji peke yake, tena pale tu inapovaliwa sawasawa. Kikinga kilichofungwa kwenye mashine humlinda kila anayeisogelea, hata mwanafunzi wa kazi aliyefika jana.

Mkono na msumeno wa duara

Msumeno wa duara uliofungwa kwenye meza ni miongoni mwa mashine zinazojeruhi sana vidole vya maseremala. Nyingi hapa kwetu hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea: meza ya chuma, mota chini yake, mkanda na diski. Mashine ya namna hiyo hukata vizuri, lakini mara nyingi hukosa vitu viwili vinavyolinda mkono.

Cha kwanza ni kikinga cha juu kinachofunika meno ya diski yasiyo kazini. Cha pili ni bamba jembamba la chuma linalosimama wima nyuma ya diski, karibu nayo kabisa. Mbao ikipasuliwa, nyuzi zake huweza kujifunga na kubana sehemu ya nyuma ya diski. Hapo diski huinyanyua mbao na kuirusha kwa nguvu kumwelekea fundi. Na mkono uliokuwa ukiisukuma, ukikosa ghafula kitu cha kuegemea, huweza kuangukia kwenye meno. Bamba hilo huizuia mbao kujifunga. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza kwa bei ndogo, mradi unene wake uuzidi kidogo unene wa bati la diski lakini usifikie upana wa mkato, na lisimame katika mstari mmoja na diski.

Kuna kifaa cha tatu ambacho hakina bei: kijiti cha kusukumia. Kipande cha mbao iliyobaki, chenye urefu wa sentimita 30 hivi na pengo mwishoni, hutosha kuisukuma mbao nyembamba huku vidole vikibaki mbali. Karakana isiyo na kijiti hicho haiwezi kusingizia umaskini.

Diski nayo ichaguliwe kwa makini. Diski butu humlazimisha fundi kusukuma kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu ndiye mkono wake unaoteleza mbele. Kanuni hii inahusu pia patasi, randa na msumeno wa mkono: kifaa chenye makali hufuata mkono, kifaa butu huushinda mkono. Tupa na jiwe la kunolea ni vifaa vya kinga kama ilivyo miwani.

Kuhusu glavu, wengi hukosea kwa nia njema. Mbele ya mashine inayozunguka, kama msumeno wa duara, mashine ya kutobolea au ya kukerezea, glavu huweza kunaswa na kuuvuta mkono mzima. Hapo mikono iwe mitupu, na pete, saa, mikono mirefu ya shati na kamba za nguo viondolewe. Glavu zivaliwe wakati wa kubeba mbao zisizorandwa na wakati wa kutumia msumeno wa mnyororo. Ndala zibaki nyumbani. Patasi iliyoanguka hailiulizi dole gumba ruhusa.

Msumeno wa mnyororo

Mnyororo wa mashine hii hukimbia kwa kasi ya karibu mita 20 kila sekunde. Jeraha lake halifanani na la kisu: hung'oa nyama, huchana kano na mishipa, na huingiza ndani mafuta, maganda na nyuzi za nguo. Kulisafisha na kulifunga ni kazi ndefu ya upasuaji, na usaha si jambo la nadra.

Hatari kubwa iko kwenye ncha ya lile bamba refu linalozungukwa na mnyororo. Sehemu ya juu ya ncha hiyo ikigusa tawi au gogo, mashine nzima huruka juu na nyuma kumwelekea mtumiaji kwa kasi ambayo macho na mikono haiwezi kuiwahi. Kwa hiyo, anayenunua au kuazima msumeno wa mnyororo akague mambo haya kabla ya kuuliza bei:

1. Breki ya mnyororo, ambayo mkingo wake uko mbele ya kishikio cha juu. Ukisukumwa mbele wakati mnyororo unazunguka, mnyororo usimame papo hapo.

2. Kifungo cha usalama kwenye kishikio cha nyuma, kinachozuia mafuta ya mwendo kuvutwa kwa bahati mbaya.

3. Kidaka mnyororo, yaani ndoano ndogo upande wa chini, inayouzuia mnyororo uliokatika usimpige mtumiaji mkononi.

4. Springi au mipira ya kumeza mtetemo. Shika vishikio na uvitikise. Vikiwa vimekazana na injini kama chuma kimoja, au mpira ukiwa umepasuka, mkono wako ndio utakaomeza mtetemo.

5. Urefu na uzito unaolingana na kazi na mwili. Bamba refu kuliko mahitaji huongeza uzito na kuifanya ncha iguse pasipokusudiwa.

Suruali maalumu ya kukatia miti inastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi huidhani ni anasa. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa, hupasua kitambaa cha juu na kuzivuta nyuzi hizo, nazo husokotana kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo mpaka lisimame. Suruali ya daraja la 1 hupimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde. Haizuii kila jeraha, lakini huweza kuligeuza jeraha la kuvunja mfupa kuwa mchubuko. Kwa kuwa mguu wa kushoto ndio uliozoea kusimama karibu na mnyororo, nao ndio huumia mara nyingi. Kofia ngumu yenye wavu wa uso na vifunika masikio, pamoja na buti zenye ncha ya chuma, hukamilisha vazi.

Iwapo miti inapasuliwa kuwa mbao kule kule msituni kwa msumeno wa mnyororo, fundi huinama juu ya gogo kwa saa nyingi, na moshi wa injini humpanda usoni. Moshi huo una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mkata mbao anayelalamikia kichwa kuuma na kichefuchefu jioni aulizwe juu ya moshi kabla ya kupimwa malaria kwa mara ya tatu.

Kupanda na kutopanda

Katika pwani yetu kazi ya mti ni pia kazi ya mkwezi, ambaye hupanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni. Kuanguka kutoka mnazi mrefu huweza kuvunja uti wa mgongo na kumwacha kijana bila miguu kwa maisha yake yote. Swali la kwanza katika mpangilio wetu, yaani kuiondoa hatari, lina jibu hapa: matawi mengi ya mwembe au mparachichi huweza kukatwa kutoka chini kwa msumeno mdogo uliofungwa kwenye mti mrefu. Inapobidi kupanda, mkanda wa usalama wenye kamba inayozunguka shina huwa ndio uhai. Panga liwe na ala. Msumeno wa mnyororo usitumiwe juu ya ngazi, wala usinyanyuliwe kupita bega. Na mti ulio karibu na nyaya za umeme usiguswe kabla ya shirika la umeme kuarifiwa.

Vumbi, pua na mapafu

Katika miaka ya 1960, madaktari wa Uingereza waligundua jambo lisilo la kawaida katika mji wa High Wycombe na maeneo yake, ambako samani zilitengenezwa kwa wingi. Aina moja ya saratani ya pua na ya mapango ya hewa ya uso, ambayo kwa kawaida ni nadra sana, ilikuwa ikijitokeza kwa watengeneza samani. Esmé Hadfield, mpasuaji wa masikio, pua na koo, na Donald Acheson pamoja na wenzao walichapisha matokeo yao mwaka 1968. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani hiyo huchukua miongo kujitokeza. Kijana anayevuta vumbi leo huenda akaugua akiwa mzee aliyekwisha kustaafu.

Madhara mengine hayasubiri. Vumbi huleta mafua yasiyokwisha, kikohozi na pumu. Miti yetu tunayoipenda ina kemikali za kujilinda dhidi ya wadudu na kuvu, nazo huendelea kufanya kazi hata mti ukiwa ubao: mvule, mninga, mpingo na mtiki huweza kuwasha ngozi za baadhi ya mafundi, na vumbi la mvule na mninga huweza kuchokoza njia ya hewa. Mbao za viwandani, kama MDF na plaiwudi, hugandishwa kwa gundi ambazo mara nyingi hutoa fomaldehaidi, ambayo nayo imo katika kundi hilo la kwanza.

Je, uchaguzi wa kifaa unahusikaje? Randa ya mkono hutoa maranda: vipande vikubwa vinavyoanguka sakafuni. Mashine ya msasa hutoa unga mwepesi unaoelea hewani kwa muda mrefu na kupenya mapafuni. Kwa hiyo fundi anayeulainisha ubao kwanza kwa randa iliyonolewa vizuri, kisha akamalizia kwa msasa kidogo, hupunguza vumbi lake bila kununua kitu. Mwenye uwezo wa kununua mashine ya msasa achague yenye mfuko au bomba la kufyonza vumbi. Msasa upigwe nje au penye upepo, fundi akiwa amesimama upande upepo unakotoka. Mwisho wa siku vumbi lisipeperushwe kwa kompresa wala lisifagiliwe likiwa kavu. Linyunyiziwe maji kidogo au lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu.

Ndipo ije barakoa. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazibani usoni, hivyo vumbi hupita pembeni. Inayofaa ni ya daraja la N95 au FFP2. Ile ya N95 imethibitishwa kuchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, yenye mikanda miwili na waya wa kubana pua. Ndevu huharibu mbano wake. Ikilowa, ikichakaa au kuvuta hewa kukiwa kugumu, ibadilishwe.

Sikio halilalamiki mapema

Kelele ya desibeli 85 inahesabiwa kuwa kikomo kwa siku ya saa 8. Kila kelele inapoongezeka kwa desibeli 3, nguvu yake huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 94 ni saa 1, na kwa 100 ni dakika 15. Msumeno wa mnyororo aghalabu huvuka desibeli 100, na mashine nyingi za karakana hukaribia hapo. Kwa hesabu hiyo, fundi asiyeziba masikio humaliza haki yake ya siku kabla ya chai ya saa nne.

Kupotea kwa usikivu huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, na ndiyo sababu fundi husema, «Nasikia, ila sielewi wanachosema watu.» Wengine huanza kwa mlio masikioni usiku. Seli za sikio la ndani zilizokufa hazioti tena. Pamba haitoshi. Viziba vya sponji hufaa vikivaliwa ipasavyo: visokotwe kwa vidole safi, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingizwe, kishikiliwe mpaka kitanuke. Kipimo cha karakana ni rahisi: mkilazimika kupaaza sauti ili kusikilizana mkiwa mmeachana kwa urefu wa mkono, kelele imezidi.

Kununua mashine ya mtumba

Mashine nyingi zinazotufikia zimekwisha kutumika kwingine. Ubora wao huweza kuwa mzuri, lakini mnunuzi aangalie mambo kadhaa. Bamba la maelezo lionyeshe volti: umeme wetu ni wa volti 230, ilhali mashine nyingi za Japani ni za volti 100 na za Marekani ni za volti 120, ikitumiwa bila transfoma huungua au kuwaka moto. Waya wa kutupa umeme ardhini uwepo, hasa pale inapotumika jenereta. Swichi iwe mahali ambapo mkono au goti huifikia bila kuinama juu ya diski. Kikinga kikikosekana, bei ya kukitengeneza ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine.

Vifaa vya mkono navyo vina kipimo chao. Kishikio cha mviringo chenye kipenyo cha karibu sentimita 3 hadi 5 huukaa mkono wa watu wazima wengi. Chembamba sana au kinene sana huchosha misuli ya kiganja. Kifaa kinachoacha kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka ni bora kuliko kinachokipinda. Benchi la kurandia liwe karibu na kimo cha nyonga. Fupi mno huvunja mgongo, refu mno huchosha mabega.

Maswali ya mtumishi wa afya

Mgonjwa akisema yeye ni seremala au mkata miti, maswali matano yaongezwe, nayo huchukua dakika mbili: Unatumia mashine gani na kwa saa ngapi kwa siku? Kikinga chake kipo? Mbao gani? Unavaa nini usoni na masikioni? Dalili hupungua siku za mapumziko? Jibu la ndiyo katika swali la mwisho, kwa mtu mwenye kikohozi au kifua kubana, linaashiria pumu ya kazini.

Pua iliyoziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, au inayotoa damu mara kwa mara, kwa fundi wa miaka mingi, isitibiwe kama mafua. Apelekwe kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Kuhusu mtetemo, tusisubiri vidole vyeupe. Weupe huo huletwa na baridi. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mgonjwa huenda asiuone kamwe, akalalamika tu kwamba vidole vina ganzi usiku na hawezi kufunga kifungo cha shati. Katika nyanda za juu kama Mufindi na Njombe, aulizwe juu ya asubuhi za baridi.

Kwa jeraha linalovuja damu, bana moja kwa moja kwa kitambaa safi bila kuachia. Damu nyingi ya mkono au mguu isipokoma, funga utepe mpana juu ya jeraha, uandike saa, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe katika maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Kikipozwa hivyo huweza kustahimili hadi takribani saa 24. Bila kupozwa ni takribani 12. Chanjo ya pepopunda isisahauliwe: wanawake wengi huipata katika ujauzito, lakini wanaume wengi hawakuipata tena tangu utotoni.

Hatimaye, yaandikwe. Tanzania Bara inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayotambua ajali pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini fidia hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni mwandiko wa mtumishi wa afya. «Jeraha la mkono» halimsaidii mtu. «Seremala aliyeajiriwa, amekatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto na msumeno wa duara usio na kikinga» humsaidia mgonjwa huyo, na humsaidia pia mkaguzi kuifikia karakana kabla ya mwingine kuumia.

Fundi anayejiajiri hana mwajiri wa kumdai. Mfuko wake wa fidia ni mkono wake mwenyewe, na ndiyo sababu ushauri wa kliniki una uzito mkubwa zaidi kwake. Anapotoka na dawa zake, aondoke pia na jambo moja la kutenda wiki hiyo linalolingana na kipato chake: bamba la nyuma ya diski, kijiti cha kusukumia, viziba masikio, au randa iliyonolewa. Mtumishi aliandike kwenye kadi chini ya dawa, na ziara ijayo amwulize kama limefanyika.